Mashati Mabichi

Mwalimu Varkey alikuwa akiisoma mvua gazetini.
Kila Jumatatu alikuja, shati la wiki iliyopita kwapani,
akasimama mlangoni mwa banda letu hapa Kochi
na kunitajia tarakimu kama anayeita majina darasani:
Jumanne, milimita arobaini. Jumatano, tisini na mbili.
Mimi Pechiammal, mke wa dobi na dobi mwenyewe,
nikamjibu kwa kipimo changu:
Jumanne, mashati kumi na moja hayakukauka.
Jumatano, yote.

Mwezi wa Edavam mvua bado ni mgeni,
hupiga hodi kabla ya kuingia:
upepo kwanza, halafu harufu ya vumbi,
halafu tone moja juu ya mkono wangu wa pasi.
Unapata muda wa kukimbia.
Tunaanua shuka za hoteli huku tukicheka.
Kamba zetu ni nyuzi mbili zilizosokotwa,
nguo hubanwa katikati, bila kibanio,
na ukiivuta kwa pupa inakulipa mpasuko.
Ndilo somo la kwanza nililompa Isakki mwanangu:
hata ukifukuzwa na mvua, chomoa, usinyofoe.

Mithunam haipigi hodi.
Shule zimefunguliwa, sare za bluu zinaletwa na tope hadi kiunoni
na zinatakiwa kesho.
Kesho! Kana kwamba jua nimelificha kabatini.
Tunaanika ndani, chini ya bati, juu ya meza, juu ya vitanda.
Usiku najigeuza, suruali ya mtu inanigusa uso,
baridi, kama mkono wa mgonjwa.

Jumatatu ya tatu mwalimu hakuja.
Ya nne pia.
Jirani yake alipofuata mapazia yake akasema:
"Tulimzika Alhamisi. Ilibidi kwanza
tuyachote maji kaburini kwa ndoo."
Shati lake jeupe lilikuwa kwangu, kamba ya ndani,
bado bichi.

Karkidakam wenyeji huuita mwezi wa njaa.
Hupika uji wa mchele na mitishamba, viungo vipate nguvu.
Sisi uji wetu tunaugawa:
mzito wa kunywa,
maji yake ya kutia nguo kanji.
Mwezi huo kola zilisimama wima kuliko sisi.
Makaa ya vifuu yalilowa, yakatoa moshi, moto yakaukatalia.
Isakki akaleta karatasi ya benki:
mashine ya kukaushia, mkopo wa miezi thelathini.
Nikamuuliza, hiyo thelathini ina Karkidakam ngapi ndani yake?
Akahesabu kwa vidole.
"Mbili, mama. Labda tatu."
Karatasi ile nayo ikashika unyevu, wino ukatawanyika
kabla hatujajibizana zaidi.

Shati la mwalimu lilipata koga begani, nukta tatu.
Nikazisugua kwa ndimu na chumvi.
Zikarudi. Nikasugua tena.
Nimelifua mara nne shati lisilo na mdai,
na sabuni imepanda bei.
Gazeti la kufungia nguo, ambalo zamani sikulitazama,
nikampa Isakki anisomee ile safu ndogo ya chini.
"Milimita mia moja na nane."
Nikatikisa kichwa. Wamekosea.
Kwa mashati, ilikuwa zaidi.

Siku ya pili ya Chingam jua lilitoka
bila kuomba radhi, kama mdeni aliyesahau deni.
Wateja wakajaa mlangoni na nguo zao nyeupe
zenye ukingo wa dhahabu, sikukuu iko karibu,
kila mmoja anataka yake iwe ya kwanza.
Ya kwanza ilikuwa imeshaanikwa.
Lilikauka kabla chai yangu haijapoa.
Nikalipiga pasi, mikono kwanza, kola mwisho,
nikalifunga gazetini, nikaliweka rafuni
kati ya shuka za hoteli na kanzu ya padri.

Jumatatu, saa tatu, nikasimama pale mlangoni.
Leo yote yamekauka, nikasema kwa sauti.
Isakki akauliza nazungumza na nani.
Nikamwambia alete maji.
Yale ya kanji, si hayo.